HUDUMA YA WATU WA KUJITOLEA KATIKA NYUMBA YA WATOTO: MAFUNZO KUTOKA ILEMBULA

Utangulizi

Msafiri anayetoka Makambako kwenda Mbeya kwa barabara kuu ya Zambia huiacha barabara hiyo kabla ya kufika tambarare za Usangu, akaingia ndani mpaka Ilembula. Jina la mahali hapo linajulikana mbali katika Dayosisi ya Kusini ya KKKT kwa ajili ya hospitali yake ya Kilutheri, chuo chake cha wauguzi, na nyumba ya watoto iliyo karibu na hospitali hiyo. Kwa upande wa serikali, Ilembula ilikuwa katika Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Njombe. Sasa imo katika Wilaya ya Wanging'ombe.

Kwa miaka mingi nyumba za watoto za namna hii zimepokea watu wa kujitolea, wengi wao vijana wa Kikristo. Baadhi hutoka ng'ambo: Ujerumani, Sweden, Finland, Marekani. Baadhi hutoka katika sharika zetu wenyewe. Wako wanaokaa wiki tatu, na wako wanaokaa mwaka mzima. Huja kwa moyo mwema, nao hupokewa kwa shukrani. Lakini mara chache tumeketi na kuuliza kwa utaratibu: kazi yao ya kila siku ni ipi hasa? Inamjenga nani? Na je, yaweza kumdhuru yule yule mtoto iliyokusudiwa kumsaidia?

Katika makala hii tunakusudia kujibu maswali hayo. Hoja yetu ni hii: nyumba ya watoto ni mahali pa kupita, na huduma ya mtu wa kujitolea hupimwa kwa jinsi inavyomsaidia mtoto kurudi kwa watu wake. Tunawaandikia hasa wanafunzi wa thiolojia, wachungaji na wainjilisti, kwa maana wao ndio watakaowapokea wageni hawa, na wao ndio wanaojua nyumba walikotoka watoto.

1. Kwa nini nyumba ya watoto ikawekwa kando ya hospitali

Wamisionari wa Berlin walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, nao wakaendelea hata kwa Wakinga na Wabena. Walipojenga kituo, kwa kawaida walijenga kanisa, shule, na mahali pa kutibia wagonjwa. Palipo na wodi ya wazazi palitokea pia msiba unaojulikana kila mahali: mama anafariki akijifungua, na mtoto anabaki hai mikononi mwa muuguzi.

Ni vizuri tuelewe kilichokosekana katika saa ile. Ukoo haukukosekana. Kwa desturi ya Wabena, kama ilivyo kwa majirani zao, mtoto ni wa ukoo mzima: yuko bibi, yuko shangazi, wako mama wakubwa na mama wadogo. Upendo nao haukukosekana. Kilichokosekana ni maziwa. Ndugu aliyekuwa ananyonyesha aliweza kumpokea mtoto kifuani pake. Asipokuwapo, ukoo ulishindwa.

Hesabu yake ni rahisi, na kila mchungaji angefaa kuijua. Mtoto mchanga huhitaji karibu mililita 150 za maziwa kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 4 huhitaji mililita 600. Kopo la gramu 400 la maziwa ya unga ya watoto hutoa karibu lita 3. Basi kopo moja linamtosha siku 5, na kwa mwezi mmoja anahitaji makopo 6; naye anapokua anahitaji zaidi. Juu ya hayo yahitajika maji yaliyochemshwa, kuni za kuyachemshia, na chombo kisafi mchana na usiku. Mjane anayelima ekari moja ya mahindi na kipande cha viazi, atayatoa wapi? Maziwa ya ng'ombe peke yake hayamfai mtoto aliye chini ya miezi sita. Tumbo na figo zake hazijayaweza.

Kwa hiyo nyumba ya watoto ilizaliwa kama daraja la kuvukia kipindi cha maziwa. Mtoto aliingia akiwa wa siku chache, akatoka akiwa anatembea, anakula ugali na maharage, na anaweza kulelewa na bibi yake bila kopo. Jina tunalolitumia mara nyingi, "kituo cha yatima", linatuficha jambo hili. Wengi wa watoto wanaolelewa katika nyumba za namna hii, hapa na kwingineko ulimwenguni, wana mzazi mmoja aliye hai, au ndugu wa karibu. Ni watoto wenye watu wao, waliozidiwa na mzigo kwa muda.

2. Siku moja katika nyumba ya watoto wachanga

Tuchukue mfano wa nyumba yenye watoto wachanga 12. Mtoto wa umri huo hulishwa kila baada ya saa tatu, yaani mara 8 kwa siku. Hiyo ni milo 96 kati ya jua kuchomoza na kuchomoza tena. Akibadilishwa nepi mara 6, ni nepi 72 za kufua, kusuuza na kuanika kila siku. Anayefikiri juu ya huduma ya watoto akaona kwanza nyimbo na michezo, na aanze na hesabu hii.

Kazi huanza kabla ya mapambazuko. Wa zamu ya usiku humkabidhi wa zamu ya asubuhi: nani alitapika, nani alikuwa na homa, nani hakumaliza maziwa yake. Moto huwashwa, maji huchemshwa, vikombe hutokoswa. Wataalamu wa afya hushauri mtoto asiyenyonya kifuani alishwe kwa kikombe kidogo kuliko kwa chupa, kwa sababu kikombe husafishika, na chupa yenye chuchu ya mpira huficha uchafu unaoleta kuhara. Lakini kikombe kinataka subira. Mlezi humpakata mtoto, akamsubiri alambe, apumue, alambe tena. Kisha humwinua begani acheue. Baada ya hapo huoga, hubadilishwa, huwekwa juani akiwa amefunikwa vizuri. Wakubwa kidogo hupewa uji. Ipo sala ya asubuhi, fupi, ambayo kilio cha mtoto mmoja hukatiza na hakuna anayeshangaa.

Mchana ni kufua. Wakati wa kiangazi kazi hii ni nyepesi. Upepo na jua hukausha nepi kwa saa chache. Kuanzia Novemba hata Aprili, mvua za nyanda za juu zinaponyesha, nepi haziwezi kukauka nje, na nyumba yote hunuka moshi wa makaa yanayokaushia. Juni na Julai baridi huingia, na hofu kubwa huwa ni kichomi. Siku ya kliniki watoto hubebwa kwa mbeleko kwenda kupimwa uzito na kuchanjwa, na kila mmoja huandikiwa katika kadi yake. Mstari wa kadi ukipanda, kuna furaha. Ukilala, mganga huitwa.

Katika mzunguko huo ndimo anamoingia mtu wa kujitolea. Wiki zake za kwanza hajui lugha. Hujifunza "kamwene" kabla ya kujifunza kitu kingine. Hapewi dawa za kugawa. Mara nyingi hupewa kile ambacho kila mtu anadhani ni rahisi na cha kupendeza, yaani kumbeba mtoto. Na hapa ndipo swali letu linapoanzia.

3. Mtoto mmoja na mikono mingi

Mgeni aingiapo katika nyumba yenye watoto wa miaka miwili au mitatu, mara nyingi hukimbiliwa. Watoto humshika miguu, humpanda, humng'ang'ania ingawa hawajamwona kamwe. Mgeni huguswa moyo, naye huandika kwao kwamba watoto hawa wana upendo mwingi ajabu. Mlezi mzoefu huliona jambo hilo kwa jicho jingine. Mtoto anayelelewa nyumbani humwogopa mgeni kwanza. Hujificha nyuma ya kanga ya mama, akachungulia. Anayemkimbilia kila mtu ni mtoto ambaye hajapata mtu wake.

Elimu ya karne iliyopita ililithibitisha hili. Mwaka 1945 daktari René Spitz alieleza jinsi watoto wachanga waliolishwa na kuoshwa vizuri katika taasisi, lakini bila mlezi wao wa kudumu, walivyodhoofika na hata kufa. Mwaka 1951 John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa iliyoeleza kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu, wenye joto na usiokatizwa, na mama au mtu anayeshika nafasi ya mama. Huko Romania, kuanzia mwaka 2001, wachunguzi waliwafuata watoto 136 waliokuwa katika taasisi. Nusu yao walihamishiwa katika familia za malezi ya kambo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliohamishiwa katika familia waliendelea vizuri zaidi katika akili, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Sasa tufikiri. Kama watu wa kujitolea sita hupita katika mwaka mmoja, kila mmoja akawa na mtoto wake mpendwa, akamlaza kifuani, akamwimbia, kisha akapanda basi, mtoto huyo amefiwa mara sita. Hawezi kuelewa maneno "mkataba umekwisha". Anajifunza jambo moja tu: wanaonishika huondoka. Baada ya mara ya tatu au ya nne huacha kulia, na sisi husema ametulia.

Kwa sababu kama hizo Umoja wa Mataifa ulikubali mwaka 2009 mwongozo juu ya malezi mbadala ya watoto, unaosema kwamba watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe katika mazingira ya familia. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja huo lilitaja waziwazi madhara ya utalii na kujitolea katika nyumba za yatima. Nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili ya utalii. Hata hivyo onyo hilo linatuhusu, kwa maana mtoto hatambui nia ya aliyemwacha.

4. UKIMWI ulivyobadilisha hali

Nyumba zilizoanza kwa ajili ya watoto waliofiwa katika uzazi zilikutwa na msiba mkubwa zaidi. Makambako ni njia panda: barabara ya Zambia hukutana hapo na barabara ya Songea, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina kituo hapo. Njia zilizoleta mbolea na kuchukua mahindi zilipitisha pia ugonjwa. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003 hadi 2004, kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini kilikuwa asilimia 7. Katika Mkoa wa Iringa wa wakati ule kilikuwa asilimia 13.4. Uchunguzi wa mwaka 2011 hadi 2012 uliukuta Mkoa wa Njombe ukiwa na asilimia 14.8, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 5.1.

Msiba huo ulivunja lile daraja kwa upande wa pili. Zamani mtoto alirudi kwa baba na shangazi. Sasa shangazi naye alikuwa amefariki, na bibi mmoja alikuwa na wajukuu wengi katika nyumba moja. Watoto walikaa zaidi ya miaka mitatu, na nyumba za kupita zikaelekea kuwa nyumba za kudumu.

Tumshukuru Mungu kwamba hali haikubaki vile. Dawa za kupunguza makali ya VVU zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, na baadaye kila mama mjamzito mwenye VVU aliwekwa katika dawa za maisha, ili aishi na mtoto azaliwe salama. Vifo vya uzazi navyo vimepungua: takwimu za kitaifa zilitaja vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa 2015 hadi 2016, na 104 katika uchunguzi wa 2022. Njombe bado ina maambukizi mengi. Uchunguzi wa 2022 hadi 2023 ulipata asilimia 12.7. Lakini wazazi wengi wenye VVU sasa wanaishi na kulea watoto wao. Kwa hiyo sababu ya kumweka mtoto katika nyumba kwa miaka mingi imedhoofika, na sababu ya kuzisaidia familia imezidi. Tukumbuke pia kwamba katika uchunguzi huo wa 2022, karibu nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani Njombe walikuwa wamedumaa, na hao wengi wao wana baba na mama. Mkoa unaolisha miji mingine viazi na mahindi haujaweza kuwalisha vyema watoto wake wenyewe.

5. Sheria inasemaje

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kuishi na wazazi au walezi wake, na inaweka taratibu za malezi ya kambo, za kuasili, na za leseni ya makao ya watoto. Mtoto hachukuliwi wala hatolewi kwa mapenzi ya mwenye nyumba. Afisa Ustawi wa Jamii ana sehemu yake, na mahakama ina sehemu yake.

Mtu wa kujitolea anahitaji kuyajua mambo matatu. La kwanza, anapaswa kuwa na kibali cha ukaazi kinachostahili, yaani daraja C, wala si viza ya matembezi. La pili, kumpenda mtoto hakumpi haki ya kumchukua. Raia wa nchi nyingine anayetaka kuasili mtoto wa Tanzania anatakiwa, pamoja na masharti mengine, awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo. La tatu, habari za mtoto ni mali ya mtoto. Picha yake iliyopelekwa katika mitandao ya kijamii pamoja na maelezo ya ugonjwa wa mama yake haitafutika hata atakapokuwa na miaka ishirini na kutafuta mchumba.

6. Urithi wetu wa diakonia

Kanisa la Kilutheri halikuanza jana kulea watoto. August Hermann Francke alianza kazi yake ya watoto maskini mjini Halle mwaka 1695. Mwaka 1833 Johann Hinrich Wichern alifungua karibu na Hamburg nyumba ya watoto iliyoitwa Rauhes Haus. Wichern hakutaka bweni kubwa. Aliwagawa watoto katika nyumba ndogo, kila moja ikiwa na watoto kama 12 na ndugu mmoja aliyekaa nao, ili wakue kama familia. Miaka mitatu baadaye Theodor Fliedner alianzisha huko Kaiserswerth nyumba ya mashemasi wa kike, nao walijitoa kwa huduma ya muda mrefu, wengi hata kufa kwao.

Mtu wa kujitolea wa siku hizi ana asili yake hapo. Mwaka 1954, mashemasi wa kike walipokuwa wamepungua, Hermann Dietzfelbinger, mkuu wa nyumba ya diakonia ya Neuendettelsau huko Bavaria, aliwaalika vijana watoe mwaka mmoja wa maisha yao kwa huduma. Kutoka mwaliko huo ulikua utaratibu wa mwaka wa diakonia, na katika mwaka 2008 serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango wa kupeleka vijana nchi za mbali. Tuangalie vizuri mwanzo huo: kijana wa mwaka mmoja aliitwa awe msaidizi wa yule anayekaa. Aliitwa abebe maji ili shemasi apate nafasi ya kukaa na mgonjwa. Mpangilio huo ukigeuzwa, mgeni akakaa na mtoto na mlezi wa kudumu akaenda kuteka maji, urithi wetu umepinduliwa.

Luther mwenyewe anatusaidia hapa. Mwaka 1522, alipoandika juu ya maisha ya ndoa, alimtetea baba anayefua nepi za mtoto wake huku watu wakimcheka. Kazi hiyo ikifanywa kwa imani, alifundisha, Mungu huifurahia pamoja na malaika wake. Mafundisho hayo yamefungamana na kuhesabiwa haki kwa imani. Ikiwa tumekwisha kupokelewa na Mungu bure, hatuna haja ya kumtumia mtoto ili tujione wema. Matendo yetu yanabaki kuwa ya jirani. Basi swali la mtu wa kujitolea jioni haliwi, "Je, leo nilipendwa?" bali, "Je, leo mtoto alipata alichohitaji, hata kama hakujua kimetoka kwangu?" Anayefua nepi 72 hajulikani na mtoto yeyote, ila mlezi aliyepumzishwa kufua amepata saa mbili za kukaa na watoto wake.

7. Dada aliyesimama mbali

Kitabu cha Kutoka, sura ya 2, kina habari ya mtoto aliyeokolewa na mgeni. Tumezoea kumtazama binti Farao, na ni haki asifiwe: alimwona mtoto akilia, akamhurumia, akavunja amri ya baba yake. Lakini tumtazame dada yake Musa. Alisimama mbali, akaangalia yatakayompata ndugu yake. Kisha akatokea kwa wakati wake na kumwuliza binti mfalme kama anataka mlezi wa Kiebrania. Kwa swali hilo moja mtoto alirudi kifuani pa mama yake mzazi, na gharama ikalipwa na nyumba ya kifalme.

Hapo tunaona mambo matatu yakishikana. Mwenye uwezo alitoa ulinzi na ujira. Mama alitoa maziwa na lugha na jina la Mungu wa baba zake. Dada aliwaunganisha. Ndivyo huduma ya watoto inavyopaswa kupangwa.

Katika baadhi ya nyumba za Kilutheri nchini imekuwa desturi ndugu wa mtoto kumtoa msichana wa ukoo aje akae na mtoto mpaka atakaporudi nyumbani. Desturi hiyo ina hekima kubwa. Mtoto anakuwa na mtu wake mmoja. Anasikia lugha ya kwao. Na msichana hurudi akiwa amejifunza usafi, lishe na malezi. Lakini ina gharama ambayo haifai kufichwa: msichana huyo anaweza kuacha shule. Tukimwokoa mtoto mmoja kwa kumpotezea mwingine masomo, tumehamisha msiba tu. Kwa hiyo panapotumika utaratibu huo, na achaguliwe aliyemaliza shule, au mama mtu mzima wa ukoo. Au basi msichana apewe masomo na ufundi hapo hapo kituoni. Hapa mtu wa kujitolea mwenye elimu ana kazi nzuri sana inayomngoja, nayo ni kuwafundisha walezi vijana.

8. Kazi zinazomfaa mtu wa kujitolea

Kutokana na hayo yote, tunaona kazi za mtu wa kujitolea zinaweza kupangwa hivi:

(a) Kazi za nyuma ya mlezi. Kufua, kuchemsha maji, kupalilia bustani ya mboga, kutengeneza paa na mabomba, kushika zamu ya usiku pamoja na mlezi ili asichoke peke yake. Hizi zinafaa kwa mtu yeyote, hata wa wiki tatu.

(b) Kazi za ujuzi. Muuguzi, fundi umeme, mhasibu, mwalimu wa watoto wenye ulemavu. Huyu na afundishe mwenyeji, ili akiondoka kazi ibaki.

(c) Kazi za kumbukumbu. Kila mtoto awe na jalada: jina la baba na mama, kijiji, usharika, ndugu waliomtembelea na tarehe zake. Mtoto ambaye jalada lake ni tupu hataweza kurudi popote.

(d) Kazi za njiani. Kufuatana na mlezi au mwinjilisti kwenda kumsalimu bibi kijijini, kumpelekea habari za mjukuu, na kuona kama paa linavuja na kama kuna chakula. Hapo mgeni na awe msikilizaji. Mwenyeji ndiye asemaye.

Kumbeba na kumbembeleza mtoto kumeachwa kwa makusudi nje ya orodha. Hakukatazwi pale mtoto anapolia na mlezi ana wawili mikononi. Lakini kusiwe kazi aliyoijia mgeni. Zawadi nazo na zipitie kwa mlezi. Mtoto aliyezoeshwa mkate na biskuti za ng'ambo huukataa ugali wa bibi yake, na bibi hudhani kwamba ni yeye aliyekataliwa.

Kuhusu muda, anayetaka kuwa karibu na watoto akae mwaka mmoja au zaidi, na miezi ya kwanza ajifunze Kiswahili. Na makanisa rafiki ya ng'ambo yasiogope kuulizwa swali la fedha. Nauli ya ndege ya mtu mmoja ingeweza kununua maziwa ya mtoto kwa miezi mingi. Hatusemi wageni wasije; ushirika wa makanisa, kama Paulo alivyowafundisha Wakorintho, unahusu nafsi za watu pamoja na changizo. Tunasema tu kwamba ziara na maziwa vipimwe katika mizani moja.

9. Wajibu wa usharika

Mtu wa kujitolea wa kwanza yuko usharikani. Ni mama anayemnyonyesha mtoto wa marehemu mdogo wake pamoja na wake mwenyewe. Hakuna shirika lililompeleka, wala hana cheti. Zaburi ya 68 inamshuhudia Mungu kuwa baba wa yatima, mwenye kuwapatia wapweke makao. Kwa kawaida hufanya hivyo kwa mkono wa bibi.

Basi usharika unaweza kufanya mambo ambayo nyumba ya watoto haiwezi. Umoja wa wanawake unaweza kuchanga makopo ya maziwa kwa miezi sita ya kwanza, ili mtoto asitoke kabisa kijijini. Palipo na mpango wa kukopeshana mitamba, nyumba yenye mtoto aliyefiwa iwekwe mbele, ili akipita umri wa uchanga awe na maziwa ya ng'ombe katika uji wake. Wazee wa kanisa wanaweza kuwashauri wanandoa wasio na watoto juu ya malezi ya kambo na kuwapeleka kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Na mtoto akiwa Ilembula au penginepo, usharika wake uhakikishe kwamba baba au bibi anapata nauli ya kumtembelea kila mwezi, kwa maana ndugu asiyeonekana husahauliwa na mtoto, na hatimaye naye humsahau.

Hitimisho

Nyumba ya watoto yenye vitanda vilivyojaa miaka yote huonekana imefanikiwa, na picha yake huleta misaada. Sisi tunaona kwamba mafanikio yake yameandikwa katika daftari la waliotoka: wangapi wamerudi, kwa nani, na wanaendeleaje. Mtu wa kujitolea atakayekubali kupimwa kwa daftari hilo, karibu sana. Atakuta maji ya kuchemsha na nepi za kufua.

Na kwa ndugu zetu wanaojiandaa kwa utumishi: mtaitwa kuzika mama kijana. Mtaandaa mahubiri, mtaongoza nyimbo, mtaufariji ukoo. Kabla hamjaondoka pale nyumbani, ulizeni maswali mawili: mtoto atalala kwa nani usiku huu, na maziwa yake yatatoka wapi? Jibu likipatikana siku ile ile, huenda mtoto huyo asihitaji kuvuka daraja lolote.